Sura ya Tano: Nani Anajibu kwa Niaba ya Lubunga?

Kati ya komini sita za Kisangani, tano ziko ukingo wa kulia wa Mto Kongo. Ya sita, Lubunga, iko peke yake ng'ambo. Daraja hakuna. Mtu wa Lubunga akitaka kwenda komini ya Makiso, kwenye maduka makubwa, benki, ofisi za jimbo na chuo kikuu, hushuka bandarini akapanda mtumbwi au boti la mbao lenye injini, akavuka pamoja na magunia ya makaa, mikungu ya ndizi na baiskeli zilizolazwa juu ya mizigo. Upande huohuo wa kushoto ndiko inakoanzia reli iliyofunguliwa mwaka 1906 kwenda Ubundu, kilomita 125 hivi, kuyakwepa maporomoko ya Boyoma ambayo meli haziwezi kuyapanda.

Februari 2023 vita ya ardhi ilizuka hapa. Wambole na Walengola, watu waliooana na kulima mashamba yanayopakana, waligombania ardhi iliyotolewa kwa kampuni ya kilimo, upande mmoja ukidai kwamba wenzao wamegawa kisichokuwa chao. Ugomvi ulitoka Lubunga ukaingia wilaya ya Ubundu, kisha Opala. Mamia waliuawa. Nyumba zilichomwa, na makumi ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka mto na kulala kwenye shule, makanisa na kambi za muda upande wa pili wa jiji.

Baada ya mauaji kama hayo swali huja lenyewe. Kijana aliyekuwa akiuza maandazi na jirani yake mwezi uliopita, leo ameshika panga dhidi yake. Nini kimemfikisha hapo? Na kwa nini kaka yake, aliyelelewa nyumba moja naye, alikataa?

Mtafiti anayetafuta jibu ana njia mbili. Ya kwanza ni kuvuka mto, kukaa, kusalimia wazee wa pande zote mbili, kusubiri hadi watu wamzoee, na kuuliza polepole. Ya pili ni kubaki chuoni kwake, hata kama chuo hicho kiko Amsterdam au Chicago, kuandika dodoso la dakika kumi, kuliweka kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watu hulipwa kwa kujibu maswali, na kuamka kesho yake akiwa na majibu elfu moja. Majibu hayo hayatatoka Lubunga. Yatatoka kwa watu wa Ohio, Manchester au Lisbon. Lakini makala itakayoandikwa itazungumzia binadamu kwa jumla na itikadi kali kwa jumla, na siku moja itafika mezani kwa shirika linalopanga mradi wa amani katika jimbo la Tshopo, lenye mji wa Kisangani.

Njia hii ya pili ina kazi yake, na nitaieleza kwa haki. Ila naamini imebebeshwa kazi isiyoiweza, na wanaoumia ni watu wasio na nafasi ya kuikosoa.

Soko la majibu

Novemba 2005 kampuni ya Amazon ilifungua soko la kazi ndogondogo liitwalo Mechanical Turk. Jina lilitokana na mashine ya kucheza sataranji iliyotengenezwa mwaka 1770, ambayo watazamaji wa Ulaya waliamini inafikiri yenyewe, kumbe ndani yake alijificha mtu. Kazi za sokoni humo zilikuwa zile ambazo kompyuta ilishindwa: kutambua kilichomo kwenye picha, kunakili risiti, kupanga bidhaa kwa aina. Mtu anakaa nyumbani, anafanya kazi ya dakika mbili, anapata senti chache, anafungua nyingine.

Wanasaikolojia waliona fursa mapema. Kwa miongo mingi walikuwa wakiwapima wanafunzi wao wenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani akakuta kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Joseph Henrich na wenzake walipigilia msumari mwaka 2010, wakionyesha kuwa watu hao wachache, wenye shule, wenye fedha, wakazi wa Magharibi, ni watu wa pekee kabisa kitabia, na kuwatumia kama kipimo cha binadamu wote ni kosa. Soko la mtandaoni lilionekana kuwa dawa: angalau humo kulikuwa na dereva, muuguzi, mama wa nyumbani, mstaafu. Mwaka 2014 likazaliwa jukwaa la pili, Prolific, lililoanzishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oxford mahsusi kwa ajili ya watafiti.

Dawa ilitibu nusu ya ugonjwa. Umri ulipanuka, kazi zikachanganyika, lakini ramani haikubadilika sana. Washiriki wengi wa majukwaa haya ni wakazi wa nchi tajiri, na mbeba mizigo wa bandari ya Lubunga hana mlango wa kuingilia humo, si kwa lugha, si kwa akaunti, si kwa mtandao. Na wale waliomo wanafanya kazi kwa ujira mdogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wafanyakazi 2,676 wa Mechanical Turk na kazi milioni 3.8 walizofanya, ulikuta kwamba mfanyakazi wa katikati alipata kama dola 2 kwa saa. Waliozidi dola 7.25, kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani, walikuwa asilimia 4 tu.

Shika habari hiyo ya ujira, maana inaweza kugusa ubora wa majibu. Anayelipwa dola 2 kwa saa hasomi swali kama anavyosoma barua ya mwanawe.

Vidole vilivyochoka

Hebu tulitazame dodoso lenyewe kwa karibu. Kwenye kioo kuna kauli, na chini yake vitufe vitano kuanzia "napinga kabisa" hadi "nakubali kabisa". Nyingi za kauli hizo ni jamaa wa kipimo kilichotungwa na Sophia Moskalenko na Clark McCauley mwaka 2009, kinachomwuliza mtu kama angeendelea kuunga mkono shirika linalotetea kundi lake hata likivunja sheria, hata likitumia nguvu. Mshiriki anabonyeza, kauli inayofuata inakuja. Mahali fulani katikati kuna mtego wa kupima umakini: "bonyeza kitufe cha pili ili tujue unasoma." Kisha umri, jinsia, chama, dini, na mwisho namba ya kudai malipo.

Sasa chukua watu 100. Tuseme 80 kati yao wako makini, na katika hao 80 ni watatu tu wanaounga mkono vurugu kwa dhati. Wale 20 waliobaki wamechoka, wanabonyeza popote ili wamalize walipwe. Vitufe ni vitano, viwili ni vya kukubali. Kwa hiyo wanane kati ya hao 20 wataangukia upande wa kukubali kwa bahati tu. Jumlisha: 11. Kichwa cha habari kitasema kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi anaunga mkono umwagaji damu, na wenye nia hiyo ni watatu.

Mtu anaweza kudhani kwamba makosa ya namna hii hufutana, mengine yakipandisha na mengine yakishusha. Katika mambo ya kawaida, kama kupenda chai au kahawa, ni kweli kwa kiasi. Katika jambo adimu haiwezekani. Namba halisi iko karibu na sifuri, haina pa kushukia, kwa hiyo kila kidole kilichochoka kinaisukuma juu.

Hesabu yangu hapo juu ni ya kubuni, lakini kisa chenyewe kimetokea. Kwa miaka kadhaa tafiti za maoni nchini Marekani zilitangaza kwamba sehemu kubwa ya raia, kati ya asilimia 8 na 40, wanaunga mkono vurugu za kisiasa. Mwaka 2022 Sean Westwood, Justin Grimmer, Matthew Tyler na Clayton Nall walifanya majaribio manne yenye washiriki 4,904. Walieleza tukio kwa undani badala ya kuuliza kwa maneno ya jumla, na wakawatenga wasiosoma. Makadirio ya katikati ya watangulizi wao yalikuwa asilimia 18.5. Yao yalikuwa 2.9. Waligundua pia kwamba uzembe huohuo ulivimbisha mara nne uhusiano kati ya kuunga mkono vurugu na sifa nyingine za mtu. Maana yake ni kwamba hata zile sababu zilizotajwa kwa kujiamini, kwamba watu wa aina fulani ndio wenye hatari, kwa sehemu kubwa zilitokana na watu waliokuwa hawasomi.

Mfano wa pili ni wa Desemba 2023. Uchunguzi mmoja wa mtandaoni ulitangaza kwamba kijana mmoja kati ya watano nchini Marekani anaona mauaji ya halaiki ya Wayahudi ni hadithi ya uongo. Dunia ilishtuka. Kituo cha utafiti cha Pew kikarudia swali kwa sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu kutoka orodha ya anwani za nchi nzima, kikapata asilimia 3. Pew walikuwa wameshajaribu jambo jingine kwenye sampuli za wanaojiandikisha wenyewe mtandaoni: waliwauliza watu kama wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Asilimia 12 ya walio chini ya miaka 30 walisema wanayo.

Na sasa anayejibu huenda si mtu. Mwaka 2025 Westwood alichapisha jaribio la mjibuji aliyeundwa kwa akili mnemba, anayejifanya ana umri, kazi na msimamo wake. Mjibuji huyo alivuka mitego ya umakini kwa asilimia 99.8. Ile mashine ya sataranji imegeuzwa: zamani mtu alijificha ndani ya mashine, leo mashine inajificha nyuma ya jina la mtu na kudai senti zake.

Namwomba msomaji asizione hizi kuwa kasoro za Wamarekani peke yao. Fikiria mtu ametuma viungo vya dodoso kwa WhatsApp kwenye makundi ya vijana wa Kisangani, akiahidi mega chache za intaneti kwa kila atakayejibu. Anapata majibu 400. Anatangaza kwamba asilimia 20 ya vijana wa Kimbole, au wa Kilengola, wanakubali jirani auawe. Kabla ya saa sita mchana namba hiyo iko redioni. Jioni imefika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Mama aliyekuwa akijiandaa kurudi shambani kwake anaahirisha. Kijana aliyekuwa akisitasita anapata ushahidi kwamba wale wanamtaka afe. Namba hiyo haikuhitaji kuwa kweli ili iue.

Mahali inapofaa

Pamoja na hayo yote, kuyatupa majukwaa haya moja kwa moja kungekuwa hasara. Kuna maswali yanayohusu akili ya binadamu wa kawaida, na kwa maswali hayo binadamu wa kawaida wa Lisbon anatosha kuanzia.

Watafiti wa Cambridge walibuni mchezo uitwao Radicalise. Mchezaji anajifanya mwajiri wa kundi la hatari: anamtafuta mpweke, anampa sifa, anamtenga na ndugu zake, anamsukuma. Kwa kuigiza mbinu, mtu anajifunza kuzitambua. Mwaka 2021 walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba waliocheza walizitambua mbinu hizo vizuri zaidi. Jaribio la mtandaoni linafaa sana kwa kazi ya aina hii, kwa sababu linapima kama fundisho limeingia kichwani, na halijifanyi kupima nani ni gaidi. Kilichonipendeza zaidi ni hatua yao iliyofuata. Waliupeleka mchezo Iraq, kwa vijana wa maeneo yaliyowahi kushikwa na Dola la Kiislamu, wakaujaribu kwa watu ambao propaganda ile ilikuwa imewapitia mlangoni.

Mfano bora kuliko wote ninaoufahamu ni kazi ya Ángel Gómez, Scott Atran na wenzao, iliyochapishwa mwaka 2017. Walikwenda mstari wa mbele kaskazini mwa Iraq, wakazungumza na wapiganaji wa Kikurdi waitwao Peshmerga, wanajeshi wa Iraq, wanamgambo wa Kisunni na wapiganaji wa Dola la Kiislamu waliotekwa. Waliuliza nini kinamfanya mtu asikimbie risasi. Waliyosikia huko, kwamba wapo watu walio tayari kuacha hata familia kwa ajili ya jambo wanaloliona takatifu, ndiyo waliyoyageuza kuwa maswali na kuyapeleka kwa zaidi ya Wahispania 6,000 mtandaoni. Mpangilio huo ndio ninaoutetea. Swali lilizaliwa kwenye mahandaki, kisha umati wa mtandaoni ukasaidia kulichambua. Sehemu kubwa ya utafiti tunaosoma hufanya kinyume: swali huzaliwa ofisini, hupimwa kwa umati, na mahandaki hutajwa kwenye sentensi ya mwisho.

Kuna hesabu nyingine inayodai njia hiyo. Watu wanaofikia kuua kwa ajili ya imani au kabila ni wachache mno. Katika washiriki elfu moja wa jukwaa lolote, huenda asiwepo hata mmoja. Ukiwa na kipimo kinachopatia mara 95 kati ya 100, ambacho ni bora kuliko kipimo chochote cha saikolojia ninachokijua, bado kitawanyooshea kidole watu 50 wasio na hatia. Mtafiti atawaita hao 50 wenye mwelekeo wa itikadi kali, na wasomaji wake watawapa sura ya mtu wanayemwogopa.

Kundi langu ni lipi

Turudi kwenye ile kauli ya kipimo, kuhusu kuliunga mkono kundi lako hata likitumia nguvu. Mkazi wa Ohio akiisoma huenda anafikiria chama chake. Anabonyeza, anaendelea na kahawa. Jibu halimgharimu kitu.

Isome kama mkazi wa Lubunga wa Machi 2023. Kundi lako si la kujiunga. Umezaliwa nalo, na wenzako wa upande wa pili wanalijua kwa jina la baba yako na kwa njia unayopita kwenda shambani. Shirika linalolitetea huenda ni wajomba zako wanaolinda kijia usiku. Kuunga mkono kunaweza kuwa kuwapa mihogo, au kunyamaza askari akiuliza. Ukikataa, watu wako watakuona msaliti, na ukikubali serikali itakuona mwasi. Kwa mtu aliye katika hali hiyo, kitufe cha "nakubali" hakituambii lolote juu ya itikadi yake. Kinatuambia ana hofu kiasi gani, ya nani, na anadhani nani anasikiliza.

Kisangani imejifunza kuwachunga wanaouliza. Mji huu ulipitia uasi wa Simba mwaka 1964. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mitaani kwa siku sita, raia kwa mamia wakafa kwa makombora, na ni Februari 2022 ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake vyote nchini humo, vikiwemo vile. Mei 2002 waasi waliokuwa wakiutawala mji waliua watu kwa kulipiza maasi ya ndani. Mtu mzima wa Kisangani anajua kwamba daftari la majina linaweza kutumika vibaya. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mtafiti asiyejua historia hiyo atauita ukimya wa watu ujinga au ukaidi.

Jina lenyewe la itikadi kali linahitaji tahadhari. Linawafaa ADF, kundi lililotoka Uganda, ambalo Dola la Kiislamu lilianza kudai mashambulizi yake mwaka 2019 na ambalo limeua raia wengi Beni na Ituri. Mgogoro wa Wambole na Walengola ni wa udongo, mipaka na saini za machifu. Ukiuita itikadi kali utapeleka wahubiri wa uvumilivu mahali panapohitaji wapima ardhi na mahakimu.

Simu tatu kwa kila kijiji

Je, simu haiwezi kabisa kuleta sauti ya vijijini? Inaweza, na mfano mzuri ulifanyika Kongo yenyewe. Mwaka 2009 Peter van der Windt na Macartan Humphreys wa Chuo Kikuu cha Columbia walianzisha Kivu Kusini mradi ulioitwa Voix des Kivus. Hawakufungua mlango kwa yeyote anayetaka. Walianza na vijiji vichache, wakafikia 18. Katika kila kijiji watu watatu walipewa simu: mmoja kutoka kwa chifu, mmoja kutoka kwa kikundi cha wanawake, na mmoja aliyechaguliwa na wanakijiji. Walipewa chaja ya sola, kwa kuwa umeme haukuwapo, na orodha ya namba za siri, kila namba ikiwa na tukio lake: shambulio, uporaji, ugonjwa, mafuriko, ujio wa wageni wenye silaha. Kutuma ujumbe hakukumgharimu mtumaji kitu.

Ujumbe ulikuja kwa maelfu hadi mradi ulipofungwa mwaka 2011. Wale watatu wa kila kijiji hawakutuma habari za bunduki peke yake. Walituma habari za mazao yaliyoharibika, za vifo vya kawaida, za magonjwa. Vita, kwa anayeishi ndani yake, imechanganyika na mihogo na homa ya mtoto, na dodoso la itikadi kali halina kitufe cha homa ya mtoto.

Jambo la pili linalonivutia ni kwamba watafiti walijua anayejibu yuko wapi na amechaguliwa na nani. Kwa kuwa watumaji walikuwa watatu, alichosema mmoja kingeweza kulinganishwa na cha wenzake. Miezi michache kabla, Novemba 2008, Ushahidi, chombo kilichozaliwa Kenya baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kilikuwa kimefunguliwa mashariki mwa Kongo kupokea taarifa kutoka kwa mtu yeyote. Zilizofika zilikuwa chache, na kuzithibitisha kulikuwa kugumu. Tofauti ya miradi hii miwili ni uhusiano, yaani kuwafahamu watu kwa sura na kuwajibika kwao.

Watafiti wa Voix des Kivus waliandika pia waziwazi juu ya hatari: je, aliyebeba simu akikamatwa na kundi lenye silaha, nani atamtetea? Na je, ni haki kumwomba mtu atoe habari za shida zake kila wiki ikiwa hakuna wa kuja kumsaidia? Maswali hayo hayana jibu la kiufundi.

Jina kwenye risiti

Kuna hatari ambayo watu wa maadili ya utafiti wa Ulaya na Marekani huisahau kwa sababu kwao haionekani. Kwenye Prolific mshiriki ni msimbo wa herufi na namba. Kongo mshiriki hulipwa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Laini imeandikishwa kwa jina lake. Malipo ya dola moja huacha jina, namba, tarehe na saa. Mtafiti anaweza kuapa kwamba majibu hayana majina, lakini risiti za malipo zinayo, na anayezipata zote mbili anahitaji jioni moja tu kuziunganisha. Orodha ya watu 200 wa Lubunga waliolipwa kwa kujibu maswali kuhusu mauaji ni kitu ambacho wengi wangependa kukiona, na si wote wenye nia njema.

Wala ahadi ya chuo kikubwa haitoshi. Chuo cha Boston kilirekodi simulizi za waliokuwa wapiganaji wa Ireland ya Kaskazini kwa ahadi kwamba kanda zingefungwa hadi msimuliaji afe. Mwaka 2011 serikali ya Marekani, kwa ombi la Uingereza, ilikwenda mahakamani kuzidai, na baadhi zilitolewa kwa polisi. Ikiwa chuo chenye mawakili hakikuweza kuilinda ahadi yake, mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi Kisangani atailinda vipi?

Hata hivyo, tafiti zilizofanywa uso kwa uso zimetuletea ambayo umati wa mtandaoni usingeweza kuyatoa. Mwaka 2014 Anneli Botha wa ISS, taasisi ya utafiti wa usalama, alichapisha mahojiano ya watu 95 waliohusishwa na al-Shabaab nchini Kenya. Mwaka 2017 shirika la UNDP lilitoa ripoti yenye sauti za watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya silaha Afrika. Asilimia 71 kati yao walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Soma tena hiyo. Hakuna dodoso la Ohio lingeweza kuligundua jambo hilo, kwa sababu kwa wengi wa wajibuji wake hakuna askari aliyevunja mlango.

Kazi ya aina hiyo huendeshwa na watu ambao majina yao mara nyingi hayatokei kwenye jalada. Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ulaya walilisema hili kwa sauti kuanzia mwaka 2019 katika mfululizo wa maandishi uitwao Bukavu Series: wasaidizi wa Kikongo ndio wanaopita vizuizi vya barabarani, wanaosikia simulizi za kubakwa na kuuawa, wanaorudi nyumbani nazo, kisha makala inatoka kwa jina la mtu mwingine. Naona soko la mtandaoni na dhuluma hii ni mambo ya ukoo mmoja. Pote pawili anayetoa maarifa analipwa kidogo ili asionekane.

Chuo Kikuu cha Kisangani kipo tangu 1963. Kina wanafunzi waliozaliwa Lubunga, wanaozungumza Kiswahili na Kilingala, na wapo miongoni mwao wanaojua Kimbole au Kilengola cha bibi zao. Vita ya 2023 ikihitaji kueleweka, hao ndio wa kuongoza, wakishirikiana kutoka pande zote mbili za ugomvi, na umati wa mtandaoni uitwe baadaye kusaidia.

Kwenu ninyi wanafunzi hao nina neno. Mtaletewa kazi ya kukusanya majibu, ikiwa na malipo kwa kila dodoso lililojazwa. Kabla hujaweka saini, mwulize anayekuajiri orodha ya majina na risiti itakaa wapi, itafutwa lini na nani, jina lako litaandikwa wapi kwenye makala, na siku gani matokeo yatasomwa kwa Kiswahili na Kilingala mbele ya waliojibu, Wambole na Walengola kwa pamoja. Asipokuwa na majibu ya maandishi, ikatae kazi hiyo.